Kengele ya Shule Kwenye Gurudumu la Nyuma

"Lori likishindwa kushuka mlima Sekenke, injini naitoa, naifunga kwenye mashine ya kusaga," Mama alisema. "Na wewe ndiye utakayesaga."

Aliyasema hayo akiwa amekaa juu ya gunia la alizeti kando ya barabara, anajipepea kwa ncha ya kanga, ametulia kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Mimi nilikuwa chini ya lori. Nilipoyasikia nikainua kichwa ghafla, nikajigonga kwenye chasisi, na sikusikia maumivu. Maumivu yote yalikuwa kwenye neno "utakayesaga".

Nieleze kidogo. Mama si mama yangu, ila Iguguno nzima ilimwita hivyo. Alikuwa ananunua alizeti kwa wakulima na kuuza mbele. Serikali ilipofungua biashara, kila mwenye mizani akaruhusiwa kununua mazao, na ushirika ukaanza kukohoa. Ulipokohoa sana, wakapiga mnada vitu vyake. Wengine walinunua meza, wengine makabati. Mama akanunua lori. Lilikuwa limelala bandani miaka mingi, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Siku ya kwanza naliwasha, kuku mmoja alikuwa bado ndani, na mpaka leo nasema yule ndiye utingo wangu wa kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, elimu darasa la saba, leseni bado inanukia gundi. Na dereva Iguguno siku zile alikuwa mtu, bwana. Unapita sokoni umening'iniza funguo kidoleni, wazee wanakuuliza hali ya barabara kama wanamuuliza daktari. Sasa mfikirie mtu wa mashine ya kusaga. Nyusi nyeupe akiwa kijana. Anapiga kelele hata msibani, kwa sababu masikio yake yalishaharibika. Akicheka anatoa vumbi. Mimi niliyezoea kupungiwa mkono mpaka Shelui, nikae kwenye banda nasubiri debe la mahindi la mtu? Hapana.

Tatizo lilikuwa breki.

Lori lilikuwa na pua ndefu, na umri wake ulinizidi. Breki zake zilikuwa za mafuta, na zilikuwa na tabia ya mzee anayeombwa kitu: hakatai, ila lazima afikiri kwanza. Ukikanyaga mara ya kwanza, pedeli inakwenda mpaka chini, kimya. Mara ya pili inaguna. Mara ya tatu inakubali. Kwa hiyo nilikuwa nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na abiria wageni walidhani nasali. Wengine waliitikia amina.

Siku hiyo ya kuambiwa habari za kusaga, tulikuwa tunapeleka alizeti Shelui, kwa mnunuzi aliyetoka Mwanza. Kufika Shelui lazima ushuke mlima Sekenke. Nilishuka kwa gia ndogo kama inavyotakiwa, lakini mzigo ulikuwa mkubwa, breki zikafanya kazi njia nzima, na tulipofika chini gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linatoa moshi kama jiko la mama ntilie. Ile dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, ambalo breki hulishika kwa ndani, ilikuwa nyekundu kabisa pembeni.

"Tusubiri ipoe," nikasema.

"Mnunuzi anaondoka," Mama akasema. "Sufuria ikiungua unafanyaje? Si unaimwagia maji?"

Nikachukua ndoo, nikamwaga.

Ililia *kwaa!* mara moja tu. Kisha ikatokea ufa ambao ungeweza kupitisha kidole.

"Umeipasua," Mama akasema.

"Si umesema nimwage?"

"Nilisema kuhusu sufuria."

Hilo ndilo jibu lake mpaka kesho. Basi nikaingia chini ya lori, na hapo ndipo aliposema yale ya kusaga; nikaifunga njia ya mafuta ya gurudumu lile, tukajikokota Shelui, tukashusha mzigo, tukarudi tupu. Kupanda mlima breki haina kazi, ndiyo maana tuko hai.

Nikaipeleka dramu kwa fundi wangu Singida mjini. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, na mdomo usiofungwa na chochote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaiangalia ile dramu.

"Nani aliimwagia maji?"

"Ni habari ndefu, mzee."

"Si ndefu. Ni wewe." Akaigonga kwa spana. Ikalia *kwa*, kama mfuniko wa debe. "Unaona hii? Ushirika ilikuwa kila dramu ikikwaruzika wanaipeleka kwenye mashine wanaikata ndani iwe laini. Kila ukiikata inakonda. Hii imekatwa mpaka imebaki rangi. Ikipata moto na maji ya ghafla, unategemea nini? Dramu nzima ukiigonga inalia *ngeee*, mpaka jirani anageuka."

"Dawa yake?"

"Dawa ni kutupa difu lote la nyuma, ekseli na breki zake. Tunaweka la Kijapani, dramu nene, breki za upepo. Hizi zako zilitengenezwa kwa nchi ambayo haina Sekenke."

Nikampelekea Mama maneno hayo. Akasema hawezi kulivisha lori la mnada viatu vipya kabla hajaona kama linaweza kutembea. Nitafute dramu nyingine, nilishushe Sekenke msimu huu kwa breki zake, kisha tutaongea. Nikishindwa, mashine ya kusaga.

Nikazunguka maduka yote ya spea Singida. Soko huria lilikuwa limeshaingia na miguu yote miwili. Kulikuwa na sabuni za kila rangi, redio za kanda mbili, suruali za mitumba ambazo hata mwenyewe wa kwanza alikuwa bado hajazichoka. Vipuri vya Kijapani mpaka darini. Dramu ya lori langu, hakuna. Muuzaji mmoja aliniuliza kama ni ya makumbusho.

Nilikuwa narudi kwa fundi kuaga ndipo ile *ngeee* yake ikanirudia kichwani. Mimi naijua *ngeee* hiyo! Nimeisikia mara mia nikipita Misigiri. Kengele ya shule ya msingi.

"Fundi," nikasema, "Misigiri shuleni wanagonga dramu."

Mzee akavua miwani. "Kuna lori la ushirika lilianguka Sekenke zamani. Pacha wa hili lako. Watu waligawana vyuma." Akairudisha miwani. "Lakini hawatakupa."

Nikacheka, maana mzee alisahau kitu kimoja. Mimi ni Mnyaturu wa Mtinko. Misigiri ni kwa Wanyiramba. Sisi na wao ni watani, na mtani huwa haombi. Mtani anaingia kwako anabeba jogoo, wewe unabaki unacheka, na ukimtaka jogoo wako unamkomboa kwa maneno au kwa soda. Nimeona kwa macho yangu mtani akibeba viatu vya bwana harusi, harusi ikaendelea na soksi. Sasa kengele ni nini?

Kesho yake nikaenda na lori tupu, na makuli wawili wa Mama, na ile dramu iliyopasuka tumeipakia nyuma. Kwa kuwa breki za magurudumu zilibaki tatu, nilikuwa nahesabu mpaka tano. Saa tano asubuhi tukaingia uwanjani kwao. Dramu ilikuwa inaning'inia kwa mnyororo kati ya nguzo mbili. Nzuri, nene, haijawahi kukatwa. Nikapanda na spana nikaanza kufungua, huku natangaza kwa sauti kubwa ili utani ueleweke.

"Nyie Wanyiramba! Saa si mnaijulia tumboni? Kengele ya nini? Mnyaturu amekuja kuwapunguzia mzigo!"

Watoto wakajaa madirishani wanacheka mpaka madawati yanaanguka. Mambo yalikwenda vizuri sana mpaka Mwalimu Mkuu alipotoka ofisini. Mwembamba, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Hakucheka.

"Unafanya nini?"

"Shikamoo mwalimu. Nachukua kengele, mtani."

"Mtani wako nani? Mimi natoka Moshi. Watani wangu wako Same. Wewe hapa ni mwizi."

Nilikuwa bado juu ya nguzo. Niwaambie ukweli, hilo sikulifikiria kabisa. Nilisahau kwamba walimu wanaletwa na serikali kutoka popote, na serikali haiwaulizi kama ni watani na madereva wa Iguguno. Mwalimu akamtuma mtoto akaite mgambo. Makuli wangu wakaanza kuangalia njia ya lori.

Lakini kabla ya mgambo akafika mwenyekiti wa kamati ya shule, Mnyiramba mwenye tumbo na baiskeli isiyolingana na hilo tumbo. Akaniona juu, akaiona dramu imebaki na bolti moja, akashuka kwenye baiskeli ili acheke vizuri.

"Mnyaturu! Ng'ombe wamekwisha kwenu, sasa mmeanza kula vyuma?"

"Shikamoo mzee. Vyuma vinashibisha kuliko ugali wenu."

"Mwenyekiti," Mwalimu akasema, "huyu anaiba mali ya shule."

"Shule ya nani, mwalimu?"

"Ya kijiji."

"Na kijiji cha nani? Chetu. Basi huyu ametutania sisi, wewe umekuta tu kelele." Kisha akanigeukia mimi, na kicheko kikapungua. "Lakini mtani akichukua, na sisi tunachukua. Kengele irudi kabla ya mtihani wa darasa la saba. Na mpaka irudi..."

Akazunguka lori polepole kama mnunuzi. Akafungua mlango. Akachukua kiti changu cha dereva, kile cha kuku, akakibeba mwenyewe mpaka ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu akakikalia hapohapo, bado amekunja uso, na ikabidi tukubaliane kwamba kilimfaa. Nikawaachia ile dramu iliyopasuka wagonge, nikarudi Iguguno nimekalia gunia la pumba za mahindi.

Fundi alipoiona kengele alicheka mpaka miwani ikakatika mpira. Akaisafisha ndani, akaipima, akaizungusha.

"Nzito, nzuri. Ila imepigwa nondo upande mmoja miaka yote. Imebonyea. Haiko duara."

"Itasimamisha?"

"Itasimamisha. Kwa kuruka."

Na kweli. Siku ya kwanza nalishusha lori Sekenke na mzigo, Mama kakaa pembeni kushuhudia. Kila nikikanyaga, gurudumu likifika kwenye bonyeo linashika, likipita linaachia. Shika, achia, shika, achia. Lori likawa linaitikia kwa kichwa, na sisi ndani tunaitikia. Kilemba cha Mama kilikuwa kinakwenda juu na chini mlima mzima. Nikaona hii nafasi haitarudi.

"Mama, utaniongezea mshahara?"

Kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Na likizo?"

Ndiyo, ndiyo.

Tulipofika chini akasema ilikuwa breki. Lakini makuli walishuhudia.

Basi tulifika salama. Tatizo jipya ni kwamba ilikuwa inalia. Chuma kile kilizoea kulia, na breki zikikishika kwa nguvu kikawa kinatoa ile ile *ngeee* yake, ndefu, tamu, inasikika mashamba matatu. Mimi nilifurahi, nikaona nina lori linaloimba. Sikufikiria Misigiri.

Pale Misigiri kuna kiteremko kidogo kabla ya njia panda, na ng'ombe wanavuka wanavyotaka wao. Safari iliyofuata, saa tatu asubuhi, nikipita na mzigo, ng'ombe wakavuka, nikakanyaga. *Ngeee!* Shule nzima ikatoka. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wameshavuka barabara na madaftari yao kabla mwalimu hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Walikuwa wanaijua ile sauti tangu wazaliwe; ile dramu yangu mbovu waliyopewa ilikuwa inasema *kwa* tu, na hakuna mtoto anayeamka kwa *kwa*.

Mara ya pili, ilikuwa somo la hesabu. Mara ya tatu, walikuwa wanafanya jaribio. Mara ya nne Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama katikati ya barabara na fimbo ya ubaoni. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikasimama mita chache mbele ya kalamu zake, kwa *ngeee* ambayo ilimaliza kabisa siku ya masomo.

"Shikamoo mwalimu," nikasema dirishani.

"Sitaki shikamoo yako! Unafundisha wewe au nafundisha mimi?"

"Ng'ombe, mwalimu."

"Ng'ombe gani? Leo hakuna ng'ombe!"

"Leo ni wewe."

Mama pembeni yangu akatazama mbele, kilemba kimetulia, kama mtu aliyeomba lifti kwa watu asiowajua. Mwalimu akamwona.

"Mama, mtihani unakaribia. Watoto wangu wanakwenda nyumbani kwa ratiba ya alizeti yako."

"Kijana ndiye aliyeichukua," Mama akasema.

"Ulisema nitafute dramu!"

"Nilisema utafute. Sikusema shuleni."

Mwalimu akaturuhusu, lakini alituangalia kwa jicho la mtu anayetunga mtihani.

Siku ya mnada wa kila wiki Iguguno, wakulima wamejaa kwa Mama na magunia, foleni mpaka barabarani, nikaona baiskeli inakuja na tumbo ninalolijua. Nyuma yake Mwalimu Mkuu kwa miguu, na darasa la saba zima kwa mistari miwili. Mwalimu akaingia, akamwamkia Mama kwa adabu zote. Kisha akaenda kwenye mizani, akaanza kuitungua kwenye ndoano.

Foleni nzima ikageuka. Mizani ya mfanyabiashara haiguswi.

"Mwalimu!" Mama akasema. "Unafanya nini?"

"Nachukua mizani, mtani."

"Wewe si mtani wetu! Wewe mtu wa Moshi!"

"Nimehamia," Mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshika mlango ili asianguke kwa kucheka. Nyuma yao wanafunzi wakabeba mizani, wakaiweka chini ya kivuli cha duka la jirani, wakakaa kuizunguka na vitabu vyao, wakaanza kujisomea.

Wakulima wakacheka, wakangoja, kisha mmoja akabeba gunia lake akaenda kwa mnunuzi wa pili. Halafu mwingine. Mama akaniangalia mimi. Sikuhitaji anieleze. Kengele ikirudi, lori halina breki. Lori likikosa breki, mimi ni wa unga. Niliziona nyusi zangu nyeupe.

"Mama," nikasema, na safari hii sikutania, "ulisema nilishushe Sekenke msimu huu. Sijaacha safari hata moja. Limeshuka."

"Limeshuka linapiga kengele."

"Lakini limeshuka. Na kila gunia limefika."

Mkulima wa tatu akabeba gunia. Mama akashusha pumzi, akarekebisha kilemba.

"Mpelekee fundi wako. Aweke hilo difu la Kijapani. Nimechoka kutikisa kichwa kila unachosema."

Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka adabu, nikamkumbatia mwenyekiti wa kamati. Mwalimu akakataa kurudisha mizani mpaka kengele iwe mikononi mwake, lakini akakubali wapime palepale chini ya kivuli, darasa la saba likisoma kilo kwa sauti. Mama alisema baadaye hakuwahi kuwa na makarani wengi hivyo.

Fundi alichukua siku nyingi kuliko alizosema, kama mafundi wote. Akatoa difu la zamani, akaweka lile la Kijapani, akakata shafti, akaweka tangi la upepo na pampu yake inayovutwa na mkanda wa injini. Akaniambia, "Hii usiikanyage kama ile. Iguse tu." Nikasema sawa mzee, nimesikia.

Kuijaribu, Mama akapanda. Pale pale mbele ya gereji, mwendo mdogo, nikasema moyoni ngoja niguse. Mguu haukuniuliza. Mguu ulikuwa na mazoea ya moja, mbili, tatu, kwa nguvu zote. Lori likasema *pshaaa* likasimama kwenye "moja". Mama akaendelea mpaka kwenye kioo. Gunia langu la pumba likapasuka, tukawa wawili weupe kwa vumbi, kama tumetoka kusaga.

"Tairi limepasuka!" Mama akapiga kelele.

"Ni upepo, Mama. Ndiyo breki."

Akajipangusa uso taratibu, akaniangalia nilivyojaa vumbi mpaka kwenye nyusi. "Ungependeza lakini," akasema.

Tukashuka Sekenke na mzigo mzima siku iliyofuata. Nilikuwa nagusa tu. Hakuna moshi, hakuna kukubali kwa kichwa. Chini nikashika dramu kwa mkono, ilikuwa vuguvugu kama chapati ya jana. Mama alifungua kikapu akanipa yai la kuchemsha, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kurudi tukapita Misigiri, nikaingia shuleni na kengele. Nilipanda mwenyewe nguzoni kuifunga. Mwalimu Mkuu akatoka amebeba kiti changu. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

"Imekonda," akasema.

"Imefanya kazi, mwalimu. Hata wewe ungekonda."

"Sauti yake je?"

Swali zuri. Nikachukua nondo, nikaigonga kwa nguvu nijue. *Ngeee!* Nyembamba kidogo, lakini ile ile.

Mwalimu akafumba macho. Nilipogeuka, vumbi lilikuwa limeshafika njia panda. Shule ilikuwa na watu watatu: mimi, yeye, na Mama aliyekuwa ndani ya lori anacheka mpaka kilemba kinaanguka.

"Utawarudisha wewe," Mwalimu akasema.

Basi nikafunga kiti changu, nikakikalia kama mfalme, nikazunguka mashambani napiga honi. Wengi walikuja wenyewe mbio, maana kupanda lori si jambo la kila siku. Nilijaza nyuma watoto badala ya magunia, wakishangilia njia nzima, na nikakiteremka kile kiteremko kuelekea shuleni. Ng'ombe wakavuka.

Sikuhesabu. Niligusa mara moja, likasimama.